Kuchanga Maswali kwa Nasibu

Dawati la shule ya msingi, Madale kama kwingineko Dar es Salaam, hukaliwa na watoto wawili, pengine watatu. Siku ya jaribio la wiki viwiko vinagusana, na karatasi ya jirani iko karibu kuliko ubao. Tangu Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilipoanza mwaka 2012 kutumia fomu za OMR, zinazosomwa na mashine, katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, majaribio ya shuleni nayo yamefuata mkondo wa maswali ya kuchagua, na hakuna jibu jepesi kuibia kama herufi. Mtoto hahitaji kusoma sentensi ya mwenzake. Akiona swali la saba limewekewa C, imetosha.

Ndiyo maana mwalimu hutunga jaribio moja na kulitoa katika matoleo mawili au matatu: maswali yaleyale, mpangilio tofauti. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Kuhamisha maswali, kuandika upya namba, kutengeneza mwongozo wa majibu wa kila toleo, kisha kuwahi steshenari kudurufu kabla hawajafunga. Kwa kompyuta ni mistari michache tu ya programu. Kitendo chenyewe Waingereza hukiita shuffle. Kiswahili nacho kina neno lake tangu zamani, ila halijaingizwa darasani: kuchanga.

Wacheza karata wanalijua. Kwenye vijiwe vya albastini mmoja huchanga, mwenzake hukata, ndipo karata zigawiwe, na hakuna anayekubali kugawiwa karata zisizochangwa. Wapo wanaopendelea kusema kuchanganya. Sipingi mtu kulitumia akizungumza, lakini kama istilahi halitoshi, kwa sababu kuchanganya ni kuleta pamoja vitu vilivyokuwa mbalimbali, na mara nyingi kuvifanya kimoja. Maswali 40 yakichangwa hubaki 40, kila moja likiwa zima. Kilichobadilika ni nafasi zake. Kuvuruga nalo lina harufu ya uharibifu. Atakayesema kwamba uchangaji utamkumbusha msomaji kadi za michango ya harusi, nitamjibu kwamba lugha yetu imezoea kubeba maana mbili tatu katika umbo moja. Kaa, paa na panda yameishi hivyo miaka yote wala hayajatupotosha.

Sehemu ya pili ya istilahi ndiyo nzito. Kuchanga kwa namna gani? Wengi huandika “ovyo”, “holela” au “bila mpangilio”. Hapo ndipo maana inapotuponyoka, na kosa hilo la lugha lina njia ya kuingia hadi ndani ya programu. Wanatakwimu wetu wameshazoea neno nasibu wanapozungumzia sampuli nasibu, na kila mtu analijua kutokana na bahati nasibu. Asili yake ni Kiarabu, ambako nasib ni fungu, sehemu anayoipata mtu katika mgawo. Maana hiyo ya kale ndiyo hasa inayotakiwa na hisabati: uchangaji ni wa nasibu pale tu kila mpangilio unaowezekana unapopata fungu sawa na mwenzake. Anayechanga ovyo hakuahidi chochote. Anayechanga kwa nasibu ameahidi usawa, na usawa huo unahesabika.

Maswali matatu yana mipangilio 6. Maswali 10 yana mipangilio 3,628,800. Jaribio la maswali 40 lina mipangilio mingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 48. Hakuna shule itakayoichapa yote, lakini kila mmoja unastahili nafasi ileile ya kutoka.

Njia ya kuutimiza usawa huo ilichapishwa mwaka 1938 na Waingereza wawili, Ronald Fisher na Frank Yates, katika kitabu chao cha majedwali ya takwimu. Hawakuwa na kompyuta akilini. Wote wawili walifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako swali la kila msimu lilikuwa aina gani ipandwe katika kishamba kipi, ili rutuba ya upande mmoja wa shamba isiibebe aina mojawapo. Watafiti wa mazao hapa nchini, Ilonga kule Kilosa na Ukiriguru kule Mwanza, wanaufahamu vizuri msingi huo. Fisher na Yates waliieleza njia yao kwa ajili ya penseli na karatasi. Mwaka 1964 Richard Durstenfeld aliiandika upya iifae kompyuta, na Donald Knuth akaieneza kupitia vitabu vyake.

Yenyewe ni hivi. Panga maswali 40 kwa safu. Chagua kwa nasibu namba yoyote kati ya 1 na 40, kisha swali lenye namba hiyo libadilishane nafasi na swali la 40. Nafasi ya 40 imefungwa, haiguswi tena. Sasa chagua kati ya 1 na 39, ubadilishane na la 39. Endelea kushuka hadi nafasi ya 2. Namba ikiangukia nafasi ileile unayoijaza, swali libaki lilipo. Ni halali kabisa, na kulikatalia kungeharibu usawa.

Siri iko katika huko kushuka. Mwandishi wa programu asiye mzoefu huacha kila hatua ichague kati ya nafasi zote 40, akidhani anachanga zaidi. Tufanye hesabu kwa maswali matatu. Hatua ni tatu, kila hatua ina chaguo tatu, hivyo njia ni 27. Mipangilio ni 6. Lakini 27 haigawanyiki kwa 6 bila baki, kwa hiyo lazima kuwe na upendeleo: mipangilio mitatu hupata njia 5 kila mmoja, na mitatu iliyobaki hupata njia 4. Kwa njia ya Fisher na Yates, 3 mara 2 mara 1, njia ni 6 tu, kila moja na mpangilio wake. Karatasi zitakazotoka kwa njia zote mbili zitaonekana zimechangwa barabara. Jicho halioni tofauti. Hesabu ndiyo inayoiona.

Hata wakubwa kosa la namna hii limewapata. Mwaka 2010, kufuatia makubaliano na Tume ya Ulaya, Microsoft iliwaonyesha watumiaji wa Windows barani Ulaya skrini ya kuchagua kivinjari, na vivinjari vitano vikubwa vilitakiwa vijipange kwa nasibu. Programu ilitumia amri ya kupanga vitu kwa kuvilinganisha, ila kila ilipotakiwa kusema kipi kitangulie, ilijibu kwa kubahatisha. Mchambuzi mmoja, Rob Weir, alipofanya hesabu alikuta Internet Explorer ikiangukia nafasi ya mwisho karibu nusu ya mara zote, wakati haki yake ilikuwa mara moja katika kila tano. Kasoro ilirekebishwa upesi. Mtego huo bado unawanasa wengi, kwa sababu mstari wenyewe ni mfupi na unaonekana wa kijanja.

Mwalimu wa Madale hana haja ya kuziandika hatua hizi mwenyewe. Lugha za skripti kama Python, Perl na PHP huja na amri ya kuchanga ikiwa tayari. Lugha ya skripti ni lugha ya programu ambayo maelekezo yake hutekelezwa moja kwa moja kama yalivyoandikwa, bila mwandishi kulazimika kuyageuza kwanza kuwa faili la lugha ya mashine. Unaandika, unaendesha, unaona kosa, unarekebisha, yote katika kikao kimoja. Kwenye Python, orodha ikiitwa maswali, mistari miwili inatosha: import random, halafu random.shuffle(maswali). Si lazima uwe na kompyuta ya mezani; zipo programu za kuendeshea Python hata kwenye vishikwambi. Na kishikwambi ni mfano mzuri wa ninachokitetea hapa. Wengi wetu neno hilo lilitukaa mdomoni wakati wa sensa ya 2022, na vifaa vyenyewe vikapelekwa baadaye kwa walimu. Lilishika kwa sababu lilifika pamoja na kitu cha kushikwa.

Penye kazi ya kichwa ni kabla ya amri hiyo, kuamua ni nini hasa kinachangwa. Maswali ya ufahamu hayawezi kutenganishwa na habari yake. Kifungu na maswali yake matano kiwe kitu kimoja ndani ya orodha. Kadhalika maswali yanayotegemea mchoro mmoja. Kama jaribio lina Sehemu A ya maswali mepesi na Sehemu B ya magumu, kila sehemu ichangwe peke yake, maana si haki mtoto mmoja aanze na kujumlisha na mwenzake akutane kwanza na asilimia za faida na hasara. Machaguo A hadi D nayo yanaweza kuchangwa, isipokuwa pale chaguo la mwisho linaposema “majibu yote hapo juu ni sahihi”. Likipanda juu, “hapo juu” haipo tena. Na jibu sahihi lifungwe kwenye swali lake kwa maneno yake, kamwe lisifungwe kwa herufi, kwa sababu herufi ndiyo itakayohama. Nikisoma programu ya mtu ya kutunga majaribio, hapo ndipo ninapoangalia kwanza.

Kompyuta yenyewe haibahatishi. Huanzia kwenye namba moja, ambayo naona inafaa kuitwa mbegu, na kutoka kwenye mbegu hiyo huzalisha mfululizo wa namba zinazofanana na za nasibu kwa kila kipimo cha kawaida. Ni nasibu bandia, na mbegu ileile huzaa mpangilio uleule. Kwa mwalimu hiyo ni faida: akiandika mbegu chini ya karatasi ya Toleo B, anaweza kulitoa upya lilivyokuwa, na mwongozo wake wa majibu, hata wiki tatu baadaye mzazi akija na malalamiko. Kwa mambo mazito zaidi ni udhaifu. Mbegu ya biti 32 ina thamani 4,294,967,296 tu, ilhali maswali 13 peke yake yana mipangilio 6,227,020,800. Mingine haitatoka kamwe. Python hutumia kanuni ya Mersenne Twister, iliyobuniwa na Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1997, ambayo mzunguko wake, yaani urefu wa mfululizo kabla haujajirudia, unatosha mipangilio ya orodha yenye hadi vitu 2,080. Jaribio la shule halifiki hata robo ya hapo.

Limebaki jambo moja litakalomshtua mwalimu atakapoyaweka matoleo mawili kando kando. Atakuta swali la 17 liko la 17 kote kuwili, naye atadhani programu imekosea. Haijakosea. Karatasi mbili zilizochangwa kwa nasibu hulingana, kwa wastani, katika nafasi moja, na wastani huo ni uleule maswali yakiwa 10 au 400. Kutolingana hata mahali pamoja hutokea takriban mara 37 katika kila 100. Akitaka jozi ya namna hiyo kwa ajili ya watoto wa dawati moja, achange upya mpaka aipate; kwa wastani hatavuka mara tatu. Mpangilio kama huo, usioacha swali hata moja mahali pake pa awali, unahitaji jina lake, nami napendekeza tuuite mhamo kamili.