Miduara Isiyo na Sahihi

Kabla sijaacha chuo, mhadhiri mmoja alituonyesha kazi za Agnes Martin, mchoraji aliyefariki Marekani mwaka 2004. Turubai ya mraba, mistari ya penseli, rangi hafifu, basi. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Hata mimi naweza chora hiyo." Tukacheka. Mhadhiri akasema sanaa dhahania ilizaliwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Tukaandika daftarini, hakuna aliyeuliza swali.

Mimi ni wa Migori. Kwetu ukitaja mawe na historia, watu wanawaza Thimlich Ohinga, zile kuta zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, zilizoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Michoro ya kale hatukuwahi kuizungumzia. Kumbe ilikuwa hapo tu, kaunti jirani ya Homa Bay. Unafika Mbita, unapanda boti, unashuka kisiwani Mfangano.

Kuna sehemu mbili zinazojulikana zaidi, Mawanga na Kwitone. Kwitone iko juu mlimani, na unapanda mpaka jasho likutoke. Nilitarajia swala na wawindaji, kama picha za vitabuni. Sikuona mnyama hata mmoja. Niliona duara ndani ya duara ndani ya duara, mizunguko kama ganda la konokono, na miale kama ya jua. Rangi ni mbili tu, nyekundu na nyeupe. Nilisimama pale nikakumbuka kile kicheko cha darasani, nikaona aibu.

Watafiti wengi wanasema waliochora ni Watwa, wawindaji na wachuma matunda walioishi hapa kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Miduara ya aina hiyo iko pia Nyero, wilayani Kumi, Uganda, na mapokeo yake yanafika hadi Zambia na Malawi. Kwa hiyo si mtu mmoja aliyekuwa akijipitishia wakati. Ilikuwa lugha ya picha iliyoeleweka mbali sana. Inahusishwa na mvua na rutuba, na Mfangano kwenyewe Wasuba waliendelea kuomba mvua penye michoro hiyo.

Hapo ndipo nilishikwa. Wasuba hawakuichora. Wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, wakaikuta. Nilimuuliza mzee aliyetuongoza, "Baba, hii ni ya nani?" Akajibu, "Nyathina, tuliikuta. Lakini sisi ndio tumeitunza."

Wameitunza vipi? Kwa heshima na kwa woga. Mahali pa mvua hapachezewi. Hakukuwa na ua wala askari, na michoro ikadumu. Siku hizi kuna jumba la makumbusho la jamii, Abasuba Community Peace Museum, na shirika la TARA, lililoanzishwa na mpiga picha David Coulson mwaka 1996, limesaidia kuitangaza. Hiyo ni kazi njema. Ila ule woga wa zamani unapungua, na hata Kisuba chenyewe kimemezwa sana na Kijaluo. Kizazi changu hakiogopi jiwe. Sasa kitalilinda kwa sababu gani?

Swali hilo si la kufikirika. Kule Kakapel, kaunti ya Busia, watu waliandika majina yao juu ya michoro ya kale, ikabidi wataalamu waje kuyaondoa. Waliochora hawakuacha jina hata moja. Waliopita ndio walitaka kukumbukwa.

Nafikiri tukianza kwa kusema wazi kwamba hii ni sanaa, tutakuwa tumepata sababu. Si lazima iwe ya damu yetu ndipo iwe yetu. Wasuba walishatuonyesha hilo.

Niliporudi Migori nilichukua kipande cha makaa, nikajaribu ukutani nyuma ya jikoni. Duara la kwanza lilikubali. La pili likapinda. La tatu likagonga la pili. Mama akatoka, akatazama, akaniuliza nani ataosha huo ukuta.