Mchele wa Ifakara na Tope la Mlimani

Mteja wa Dar es Salaam akifika kwa muuza mchele huuliza kwanza: "Huu ni wa Kyela au wa Ifakara?" Juma hili, ndugu msikilizaji, nami nauliza langu: udongo uliootesha mchele huo wa Ifakara ulitoka wapi?

Ulitoka juu. Kwa maelfu ya miaka mvua imeimomonyoa milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Mto ukiwa mteremkoni una nguvu ya kubingirisha mawe. Ukifika bondeni Kilombero huchoka: hutua kokoto chini ya mlima, kisha mchanga, na mwisho tope laini, ambalo mafuriko hulisambaza mbugani. Barafu haina subira hiyo. Ile ya Kilimanjaro ilisukuma mawe na vumbi kwa pamoja, ikayeyuka na kuacha marundo yaliyochanganyika. Maji huchambua, kama mama apetaye kwa ungo.

Wandamba walilijua jambo hili bila kusomea. Walilima mpunga mbugani, wakajenga madungu juu ya nguzo, wakaacha mto upite chini. Kwao mafuriko yalikuwa mgeni aletaye zawadi.

Kisha wakaja wapimaji. Mwaka 1929 ilitoka ripoti ya Telford juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 ikafuata ile ya FAO. Ndoto ya bwawa kubwa la Rufiji ilisubiri miongo mingi. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa.

Mimi si mpinzani wa umeme. Maikrofoni yangu haizungumzi bila umeme. Lakini Kilombero, ukikutana na Luwegu, ndio huzaa Rufiji, na hutoa zaidi ya nusu ya maji yake. Maji hayo hayaji mikono mitupu. Tope lililokuwa likirutubisha mashamba ya mlau na mikoko ya delta sasa hutua bwawani. Huko juu nako, miti ikikatwa, mchanga huteremka kwa pupa, hufukia mpunga na kujaza mito.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatesa ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, wala sisemi tuyashangilie. Nasema hivi: tunapopima maji ya bonde, tupime na tope lake. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Udongo nao hufuata maji, na sahani yetu ya wali hufuata udongo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.