Kabla ya Simu Kulikuwa na Kipande

Ukiingia jengo lolote town, soja wa geti hana maneno mengi. "Kipande." Unatoa kitambulisho anakiweka kwa droo, ama anakusukumia daftari kubwa uandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saa uliyoingia. Mwaka jana niliandika namba yangu kwa daftari kama hilo, na kabla sijafika nyumbani msee nisiyemjua alikuwa ameshanitumia meseji: "Sasa mrembo, nilikuona leo ukiingia." Sikujibu. Nikamfungia. Lakini wiki nzima nilikuwa nikitembea nikiangalia nyuma.

Nilipomsimulia cucu, alisikitika, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na wewe unajua kwa nini kinaitwa kipande?" Sikujua. Nilikuwa nafikiria ni Sheng tu. Akaniambia baba yake alikuwa na chake, na hakukiweka mfukoni. Alikivaa shingoni.

Kwa hivyo nikaenda kusoma. Na wasee, hii hadithi ya data, ya serikali kutaka kujua kila kitu na kampuni kutaka macho yetu, haikuanza na simu. Kenya imeanza kubishana nayo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tuanze mwaka 1915. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza ikachelewesha mambo, kwa hivyo kazi yenyewe ilianza mwishoni mwa 1919 na kuingia 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe alizoanza na kumaliza kazi, na mshahara aliolipwa. Ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikafungwa kwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukipatikana bila kipande, ni faini ama jela.

Sasa angalia vile ile karatasi ilifanya kazi, maana hapo ndipo kuna somo. Mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua wa bei ya chini, na vibarua walikuwa wanatoroka. Ukichoshwa na mlowezi anayekupiga, unatoka usiku unaenda kutafuta kazi kwingine. Kabla ya kipande hilo liliwezekana. Baada ya kipande, mwajiri mpya alikuwa anasoma karatasi yako kwanza. Kama yule wa zamani hakutia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro. Unarudishwa. Na kwa kuwa mshahara wako wa zamani uliandikwa pale, huwezi kuomba zaidi, tayari anajua ulikuwa unalipwa ngapi.

Fikiria hapo kidogo. Serikali ndiyo iliyokusanya data, lakini aliyefaidika ni mfanyabiashara. Siku hizi tunaongea kana kwamba serikali na kampuni ni hatari mbili tofauti. Mwaka 1920 zilikuwa zinasoma karatasi moja.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikuwa kijana tu, na kazi yake Nairobi ilikuwa kupokea na kuunganisha simu kwa ofisi ya hazina ya serikali. Mwaka 1921, mwaka ambao walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, yeye na wenzake walianzisha chama kupinga mambo matatu makubwa: mishahara kukatwa, kodi kupandishwa, na kipande. Alizunguka akihutubia mikutano. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Watu wakamiminika nje ya kituo cha polisi, pale karibu na mahali Chuo Kikuu cha Nairobi kipo leo. Tarehe 16, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wanasitasita, akainua nguo yake mbele ya umati, akawaambia wampe suruali zao wao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akafa. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine waliokuwepo walisema walikuwa wengi kuliko hapo. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu, na hakuachiliwa mpaka miaka ya 1930.

Leo kuna Harry Thuku Road. Unapita ukienda chuo. Huenda hata umeiweka kama mahali pa kukutana na mtu, na simu yako ikaandika kwamba ulipita hapo saa ngapi.

Sasa sikia sehemu iliyonifanya nicheke kwa uchungu. Kipande kiliendelea mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947, kwa sababu Waafrika walikuwa wamelalamika miaka yote hiyo kwamba huu ni ubaguzi, serikali ikaleta sheria mpya: kila mtu wa kila rangi aandikishwe, na kila mtu atoe alama za vidole. Ghafla walowezi wakaamka. Eti alama za vidole ni za wahalifu! Eti hii ni kudhalilisha watu wenye heshima! Watu wale wale walioona sawa Mwafrika kuvaa kikebe kama mbuzi waligundua kwamba mwili wa mtu una siri yake, siku wino ulipokaribia vidole vyao wenyewe. Wakapiga kelele mpaka serikali ikaunda tume. Mwishowe wakapewa njia nyingine: mtu anayejua kusoma na kuandika angeweza kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole.

Kwa hivyo wote wawili walikataa kitu kimoja. Mmoja alipigwa risasi. Mwingine aliundiwa tume.

Hapo ndipo nilielewa kwamba wino, kikebe, kamera ama kompyuta vinakuja mwisho. Swali la kwanza ni: naweza kukataa? Na nikikataa, nini kitanifanyikia? Mtu akikuambia "kama huna cha kuficha, waogopa nini?", mkumbushe walowezi wa 1947. Hawakuwa na cha kuficha pia. Walikuwa na heshima yao, na walijua kuilinda.

Uhuru ulikuja 1963, lakini tabia haikuondoka na bendera. Mwaka 1989 serikali yetu wenyewe iliwachuja Wakenya Wasomali peke yao, ikawapa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao waliletwa na jeshi la Mwingereza, wamehangaika miaka nenda miaka rudi mbele ya kamati za kuhakiki uraia ili wapate kitambulisho ambacho wewe ulipewa kwa wiki chache baada ya shule. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais Ruto alitia sahihi agizo la kuondoa ule uchujaji wa ziada kwa watu wa kaskazini mashariki. Kipande kilichotengenezwa kumzuia mtu asitoke sasa kilikuwa kinamzuia mtu asiingie.

Ndiyo maana sikushangaa niliposoma ni nani alienda kortini 2019.

Unakumbuka Huduma Namba? Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipitisha marekebisho kwa sheria ya uandikishaji wa watu. Ndani yake, kati ya vitu vya mwili ambavyo serikali ingeweza kukusanya, kulikuwa na alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe za masikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti na DNA. Masikio, wasee! Na GPS ya unapoishi. Wakati huo Kenya haikuwa hata na sheria ya kulinda data. Yaani nyumba inajazwa vitu vya thamani kabla ya kuwekwa mlango. Tukaambiwa usipojiandikisha utakosa huduma.

Waliosimama kwanza ni Nubian Rights Forum, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na tume ya taifa ya haki za binadamu. Hoja ya Wanubi ilikuwa rahisi: kama mimi sina kitambulisho kwa sababu mnanichuja, na sasa kila huduma itapitia kwa namba moja, basi mmenifungia nje kabisa. Walikuwa wanajua, kwa sababu walikuwa wameishi hiyo. Aprili 2019 korti ikasema kwa muda kwamba mtu asilazimishwe. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakaamua: DNA na GPS hapana, ni kinyume cha Katiba, na mfumo wenyewe usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili. Kesi ikiwa bado kortini, Novemba 2019, sheria ya kulinda data ilikuwa imepitishwa. Oktoba 2021 korti tena ikasema kadi za Huduma zilianza kutolewa bila kupima kwanza madhara kwa siri za watu. Nguzo ya kesi hizi ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010: una haki ya faragha, na habari zako na za familia yako hazifai kuitishwa wala kuanikwa bila sababu.

Nyanjiru hakuwa na Kifungu cha 31. Sisi tuko nacho. Swali ni kama tunakitumia.

Kwa sababu Julai 2023 ilikuwa zamu ya kampuni, si serikali. Worldcoin, ya kina Sam Altman, ilileta mpira wa chuma unaokupiga picha ya mboni za macho. Ukikubali, unapewa tokeni 25, kama shilingi 7,000 hivi wakati huo. Laini ya KICC ilizunguka jengo. Zaidi ya Wakenya 350,000 walijiandikisha. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data ile ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe ndani ya siku saba.

Watu wengi walicheka wale vijana wa KICC. Mimi sicheki. Mtu ambaye hana rent akiwekewa 7,000 mezani, je, hiyo ni idhini? Mkoloni alitumia jela, kampuni ilitumia njaa. Katika hali zote mbili, kukataa kulikuwa na bei ambayo maskini hawezi kuilipa.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya pesa tu. Kati ya Juni na Desemba 2024, baada ya maandamano, tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa. Wengi walikuwa vijana wa rika letu, na baadhi yao kosa lao lilikuwa kuandika na kuchora mtandaoni. Tangu hapo kila mmoja wetu amewahi kuangalia simu yake mwenyewe kwa jicho la shaka. Mtoro wa 1920 alirudishwa kwa sababu karatasi ilijua alikotoka. Simu inajua ulipo.

Sasa tufanye nini, tutupe simu? Hapana. Vitambulisho tunavihitaji. Bila kitambulisho hupigi kura, hupati laini ya simu, hufungui akaunti, waulize Wanubi. Tunachoweza kufanya ni kuuliza yale ambayo sheria inatuambia tuulize: Mnataka hii ya nini? Nani mwingine ataiona? Mtaikaa nayo muda gani? Nikikataa? Sheria ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa, kuona walichonacho, kusahihisha, kupinga, na kuomba kifutwe. Na kuna ofisi ya Kamishna wa Data. Ukilalamika, inatakiwa kuamua ndani ya siku 90. Haya si maneno ya vitabu tu. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ikatozwa 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Kampuni moja ya mikopo ya simu ikalipishwa 2,975,000 kwa sababu ya meseji na simu za vitisho.

Juzi nilirudi kwa jengo lile lile. Soja akasema, "Kipande." Nikamwuliza, "Boss, nitakuonyesha, lakini namba ya simu ni ya nini?" Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Akafikiria. "Hata mimi sijui," akasema. "Andika tu jina."

Nikaandika jina tu, nikapanda ngazi.