Ziwa Linaloondoka na Kurudi

Ukishuka basi pale Tinde, kwenye njia panda ya Shinyanga, Nzega na Kahama, kitu cha mwisho utakachokiwaza ni ziwa. Utaona malori yanayoelekea Isaka, utasikia harufu ya mahindi ya kuchoma, utakula vumbi kidogo. Lakini ukitazama vizuri mafungu ya akina mama, unaweza kukuta kambare waliokaushwa kwa moshi, mkia umekunjwa hadi mdomoni kama bangili. Nilipokuwa mdogo nilijua samaki wote wa duniani wanatoka Mwanza. Babu ndiye aliyenisahihisha. "Hawa si wa Mwanza, mjukuu wangu. Hawa ni wa Kitangiri." Akaongeza kwamba ujanani alikuwa akiwafuata kwa baiskeli, safari ya zaidi ya kilomita 100, na kwamba kuna miaka alifika akakuta ziwa limerudi nyuma, pamebaki tope na korongo.

Hilo la ziwa kurudi nyuma ndilo lililonikaa kichwani. Sisi tuliozoea Ziwa Victoria tunadhani ziwa ni kitu cha kudumu. Kitangiri halijawahi kuahidi hivyo.

Tuanze na njia ya maji. Maji ya Tinde hayaendi Mwanza, ingawa barabara inakwenda huko. Mvua za Novemba hadi Aprili zikinyesha, maji hushukia mto Manonga, ule tunaouvuka tukienda Nzega. Manonga humimina katika mbuga za Wembere, na Wembere huishia Ziwa Kitangiri, kati ya Iramba na Meatu. Kitangiri likishiba humwaga kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Na Eyasi halina pa kutokea. Maji yakifika hapo, anayeyamaliza ni jua. Kwa hiyo bonde hili lote ni kama sahani: mvua ikiwa nzuri linajaa na kutanuka hadi kwenye majani, mvua ikigoma linanywea. Tena tusisahau kwamba Meatu ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Babu aliposema Kitangiri ni ziwa letu, hakuwa anajisifu tu.

Habari ya maji hapa ni ya kale kuliko kabila lolote. Tangu enzi za Waingereza wanajiolojia wamekuwa wakichimbua mifupa iliyogeuka mawe katika bonde la Manonga, na katika miaka ya 1990 Terry Harrison na wenzake walilichunguza kwa kina. Kitabu chao kilitoka mwaka 1997. Walikuta mabaki ya viboko, ya jamaa wa tembo na ya samaki, yenye umri wa miaka milioni 4 na zaidi. Tabaka mojawapo la udongo huo limepewa jina la Tinde. Yaani hapo mnaponunulia soda palikuwa na ziwa, likaondoka, na Kitangiri ni kama mjukuu wake.

Sasa, mtu anavuaje katika ziwa lisilotulia? Jibu liko kwa samaki wenyewe. Kambare, ambaye watu wa Kanda ya Ziwa humwita pia mumi, ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaweza kuvumilia tope ambalo samaki wengine wangekufa. Mvua za kwanza zikichafua mito, hupanda kwenye majani yaliyofurika kwenda kutaga. Halafu kuna perege. Mmoja wao, anayeitwa kitaalamu Oreochromis amphimelas, makazi yake ni haya haya maziwa ya chumvi na magadi: Eyasi, Kitangiri, Manyara na yale ya Singida. Jike lake hulea mayai na watoto mdomoni. Ni samaki walioumbika kwa ajili ya dhiki.

Wavuvi nao waliumbika hivyo hivyo. Babu hakuwa "mvuvi" kama tunavyolitumia neno hilo leo. Alikuwa mkulima wa mtama na pamba, ana ng'ombe wachache, na kila mwaka kuna wiki kadhaa alikuwa mtu wa samaki. Maji yakipanda, watu walitega migono kwenye vijito. Yakianza kushuka, samaki walibanwa kwenye vidimbwi, na hapo hata watoto walivua. Ziwa likikauka kabisa, hakuna aliyelia. Walirudi shamba. Kambare waliosalia kwenye madimbwi ya mito walikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Kule kuondoka kwa watu, naamini, ndiko kulikowapa samaki nafasi ya kurudi.

Sasa hebu tafuta historia hii kwenye maandishi ya utawala. Utakachokuta ni dhahabu. Sekenke, kwenye ukingo wa mashariki wa Wembere, Wajerumani walianza kuchimba mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kupiga sarafu ya rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, wakati vita vimewabana. Utakuta pia pamba. Wajerumani waliitazama Wembere wakaona ardhi tupu inayongoja maji, wakachora mpango wa kuyaleta kutoka Ziwa Victoria ili kumwagilia mashamba ya pamba. Mpango ulikufa na utawala wao. Mwaka 1929 Uingereza ikapatana na Misri kuhusu maji ya Nile, mapatano yaliyoifunga mikono nchi zilizokuwa chini yake kuhusu ziwa hilo. Mwaka 1962 Nyerere akatangaza kwamba Tanganyika huru haifungwi nayo. Na mwaka 2009 maji ya Victoria yakazinduliwa Kahama na Shinyanga, kwa bomba. Baadaye bomba likapita Tinde na kusonga hadi Shelui, ukingoni mwa Wembere ile ile. Ndoto ya Mjerumani imetimia, ila kwa ndoo za wananchi badala ya pamba ya tajiri. Mimi nashukuru. Mama yangu alichota maji ya lambo pamoja na ng'ombe.

Lakini angalia: katika mlolongo wote huo, miaka zaidi ya mia moja, Wembere ni mahali penye upungufu. Penye kukosa maji, penye kungoja. Hakuna anayesema kwamba palikuwa na watu waliojua kuishi na maji yanayokuja na kuondoka.

Hata fasihi yetu imewasahau. Tunaye Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akazitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, zikachapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Shukrani kwake, mtu wa kisiwani ana kumbukumbu ya namna wazee wake walivyoishi na ziwa lao. Wa Wembere hana Kitereza wake.

Je, ina maana gani leo? Tuulize kilichotokea ziwani Victoria. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilipima, akaona ngege ndiye samaki muhimu kuliko wote na kwamba nyavu zinammaliza, akapendekeza matundu yasipungue inchi 5. Sheria iliwekwa, ikavunjwa, miaka ya 1950 ikalegezwa. Sangara na sato wageni wakaingizwa. Ngege akatoweka karibu kabisa kwenye ziwa kuu, na leo wanaomtafuta humkuta kwenye viziwa vidogo. Ziwa kubwa lilimpoteza, vidogo vikamhifadhi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Kitangiri "si ziwa la maana" kwa sababu hukauka, nakumbuka hilo. Hatari ya Kitangiri si ukame peke yake. Hatari ni kulifanya ziwa la msimu liwe kazi ya mwaka mzima. Mtu akikopa kununua mtumbwi na nyavu za matundu madogo, deni halijui masika wala kiangazi. Atamvua kambare akiwa njiani kwenda kutaga, kisha atamfuata hadi dimbwi la mwisho. Hapo ziwa litarudi, maana mvua ni ya Mungu, lakini litarudi tupu.

Babu alifariki akiwa na ile baiskeli, imeegeshwa nyuma ya nyumba, kwenye keria bado kuna kamba za katani alizofungia matenga. Nilimuuliza siku moja alijuaje mwaka wa kwenda na mwaka wa kubaki. Akacheka. "Nilikuwa nautazama Manonga. Ukipita kimya, nabaki."