Liemba: Basi Kuukuu la Ziwa Tanganyika

Anayemiliki basi kuukuu anayajua maswali yake. Vipuri vitatoka wapi? Fundi anayelielewa bado yupo? Je, gharama ya kulifufua haitapita bei ya kununua jipya? Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambako Mwese iko milimani na Karema na Ikola ziko ufukweni, inaishi na maswali hayohayo kuhusu chombo kikubwa zaidi. Kwa miongo mingi MV Liemba imekuwa basi la ziwa: ilipita kijiji kwa kijiji, na pasipo na gati abiria waliifuata kwa mitumbwi. Mmiliki wake ni umma, yaani sisi.

Hatukuiagiza. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliiunda, kikaifungua vipande vipande na kuipakia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalishushwa Dar es Salaam, yakapelekwa Kigoma kwa reli, na mwezi Februari 1915 meli ikaingia majini. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji, ambaye vikosi vyake viliteketeza mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi.

Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe. Lakini fundi Anton Rüter, mmoja wa watatu waliotumwa kutoka Papenburg kuiunganisha, alihakikisha injini zinapakwa grisi kwanza. Hawakutaka adui aitumie, ila hawakutaka ife. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji na kuliandika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ilibaki Tanzania.

Kufikia hapo haikuwa tena ileile. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zilitolewa na nafasi yake ikachukuliwa na za dizeli. Kilichobaki cha mwaka 1913 hasa ni bodi, mabati ya chuma yaliyoshikanishwa kwa ribiti. Kila mwenye basi kuukuu hufika hapo: akibadilisha injini, viti na taa, analimiliki basi lipi? Nadhani kwa Liemba jibu limo katika kazi yake. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo makwao. Mwaka 2015 ilitia nanga nje ya Kagunga, ikiwapokea Warundi walioletwa na boti ndogo. Mwese nayo, iliyopokea wakimbizi wa Rwanda katika miaka ya 1960, inajua maana ya watu kufika na vifurushi vyao. Meli yenye jina la gavana wa njaa ikawa chombo cha kuokolea watu, na hilo halikuletwa na kubadilisha jina peke yake.

Kwa hiyo ninahofia pande mbili. Wapo wanaoitazama Liemba wakaona chuma chakavu cha kukatwa. Wapo pia wanaoipenda kiasi cha kutaka itulie kama jumba la makumbusho, ipigwe picha. Historia yake inawapinga wote. Kila mara iliyofufuliwa, ilifufuliwa kwa sababu kulikuwa na mzigo na abiria wanaongoja. Uzee wake haukuwa hoja.

Wanaongoja hata sasa. Miaka kadhaa iliyopita meli ilisimama Kigoma ikisubiri ukarabati mkubwa. Ziwa halikusimama. Watu walipanda boti za mbao, wakabanana na magunia, katika maji ambayo upepo huyabadilisha ghafla. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa gharama ya ukuta hulipwa kwanza na abiria, muda mrefu kabla haijafika kwenye hesabu za mmiliki.

Ukarabati unastahili fedha zake. Lakini rangi mpya na hotuba za uzinduzi visiwe kipimo chake. Kipimo ni mama wa Ikola mwenye magunia ya dagaa: je, anajua meli inapita siku gani, na siku hiyo ikifika, inapita kweli?