Rolls-Royce ya Mwalimu na Njia ya Tabora

Wapenzi wa magari ya kale wakifika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, huganda mbele ya Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya Kiingereza, kisha na Mwalimu Nyerere. Ni gari zuri kweli, na sisi wa Tabora tuna sababu zaidi ya kulipenda. Mji huu wa misafara, ambao wapagazi wake Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, ndio uliomsomesha Mwalimu kuanzia 1937. Alirudi 1946 kufundisha St. Mary's. Januari 1958, papa hapa, alikishawishi chama chake cha TANU kishiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu; uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Uhuru ukaja 1961, na gari la wakoloni likapata mwenyewe.