Mzururaji na Wapenzi Wake: Filamu za Raj Kapoor katika Uhakiki Simulizi wa Watazamaji

Mwigizaji mashuhuri anapofariki, wapenzi wake hufanya jambo moja ambalo wahakiki wa fasihi hawajalipa uzito unaostahili: huanza kubishana kuhusu filamu iliyo bora kuliko zote alizocheza. Ubishi huo hufanyika barazani, mkahawani na hata msibani, na kwa kawaida hauachi maandishi. Kwa sababu hiyo umechukuliwa kuwa porojo tu. Makala haya yanashikilia kwamba ubishi wa aina hiyo ni uhakiki simulizi wenye vigezo vyake, na kwamba katika suala la Raj Kapoor, mwigizaji na mwelekezaji wa Kihindi aliyependwa kuanzia Bombay hadi Moscow na Unguja, uhakiki huo ndio ulioamua ni kazi zipi zidumu.

Raj Kapoor alizaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924, akaanzisha kampuni yake ya RK Films mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 23. Tarehe 2 Mei 1988 alikuwa Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ni heshima ya juu kabisa ya serikali ya India kwa watu wa sinema. Alishikwa na pumu ukumbini, akashindwa kupanda jukwaani, na Rais Ramaswamy Venkataraman akateremka mwenyewe kumpelekea tuzo pale alipokuwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Juni, alifariki. Tuzo ya serikali ilikuwa imetolewa kwa kazi za maisha yote, bila kuchagua. Kuchagua kuliachiwa watazamaji, nao walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini kabla.

Filamu iliyotangulizwa na wengi ni Awara, yaani Mzururaji, ya mwaka 1951. Kisa chake kinafahamika. Jaji Raghunath anamhukumu Jagga kwa kosa asilolitenda, kwa hoja kwamba baba yake Jagga alikuwa mwizi, na mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka nyara mke wa jaji, kisha anamwachilia anapogundua kwamba ni mjamzito. Jaji anamshuku mkewe na kumfukuza nyumbani usiku wa mvua. Mtoto anazaliwa barabarani, analelewa katika ufukara, na Jagga anamfundisha wizi ili kuikomoa ile nadharia ya jaji. Mwishoni mwana huyo, Raj, anasimama kizimbani, akitetewa na Rita, mwanasheria anayempenda, aliyelelewa na jaji yuleyule. Baba katika filamu ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa mwigizaji mwenyewe, na babu yake naye ameonekana katika kiti cha hakimu wa mahakama. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja vilikusanywa ili kujadili iwapo damu ndiyo inayomfanya mtu.

Upokezi wa filamu hii nje ya India ni sura ya ajabu katika historia ya sanaa za karne ya ishirini. Katika Umoja wa Kisovieti ilionyeshwa kuanzia mwaka 1954 ikaangaliwa na watu zaidi ya milioni 60. Uturuki iliitengeneza upya mwaka 1964 kwa jina la Avare. Uchina iliionyesha katika miaka ya 1950 na kuirudisha tena baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Ndiyo maana Jia Zhangke, katika filamu yake Platform ya mwaka 2000, anawaweka vijana wa mji mdogo wa Uchina mbele ya Awara na msomaji wa historia haoni ajabu. Fasihi nayo haikukaa kando. Katika riwaya ya Aleksandr Solzhenitsyn ijulikanayo kwa Kiingereza kama Cancer Ward, ambayo matukio yake ni ya mwaka 1955 katika hospitali ya Asia ya Kati, mhusika kijana wa kike anaipenda filamu hii ilhali Kostoglotov, aliyewahi kufungwa, haipendi, kwa kuwa amewajua wezi wa kweli. Mabishano hayo mafupi yana thamani kubwa kwa mhakiki. Solzhenitsyn ameandika kwa kalamu kile ambacho mamilioni walikisema kwa mdomo, na ameonyesha kwamba waliokisema hawakukubaliana.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mabishano yake. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018) na katika makala iliyotangulia kuhusu mapenzi na filamu za Kihindi Zanzibar, amekusanya kumbukumbu za watazamaji wa miaka ya 1950 na 1960, na Awara inajitokeza humo kuwa filamu iliyopendwa kwa namna ya pekee. Anachokionyesha Fair hasa ni jinsi filamu ilivyowapa vijana na wanandoa lugha ya kujadili mapenzi, uchaguzi wa mchumba na mamlaka ya wazazi. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haimalizi jambo. Mapenzi yalikuwamo katika filamu nyingi za Kihindi zilizofika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na nyingi kati ya hizo zimesahauliwa. Inafaa kuuliza kwa nini hii haikusahauliwa.

Jibu linaweza kutafutwa katika methali. Mtazamaji wa pwani hakuhitaji kujua Kihindi ili kuitambua kauli ya Jaji Raghunath, kwani ilikuwa imo kinywani mwake tangu utotoni: mtoto wa nyoka ni nyoka. Wala hakuhitaji mkalimani kulitambua jibu la Jagga, maana nalo lilikuwamo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahakiki wa fasihi simulizi wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba methali za Kiswahili hupingana, na wameishia hapo, kana kwamba kupingana huko ni kasoro au kichekesho. Awara inazichukua pande mbili za ubishi huo, inazipeleka mahakamani na kuzipa mawakili. Ukoo, nasaba na uungwana havikuwa mambo ya nadharia katika Unguja ya miaka hiyo. Kati ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 na mapinduzi ya Januari 1964, swali la nani ni mtoto wa nani, na lina uzito gani, liliulizwa katika kila mkutano wa siasa. Si lazima kudai kwamba watazamaji walikwenda sinema kwa nia ya siasa. Hapana shaka wengi walikwenda kumwona Nargis. Hata hivyo, filamu inayomlaumu jaji kwa kumpima mtu kwa mbegu yake haikuweza kusikika katika mji ule kama hadithi ya ugenini.

Tena kuna suala la mama. Kufukuzwa kwa mke asiye na hatia kunaelekeza fikra za Mhindi kwa Sita katika Ramayana. Mwislamu wa Mombasa au Unguja hakuwa na Sita. Alikuwa na ngano za mke aliyesingiziwa, na alikuwa na talaka, jambo la kila siku. Katika miji ya pwani, Unguja ikiwamo, palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na ni vigumu kuamini kwamba chozi lililotoka katika maonyesho hayo lilikuwa la Rita zaidi kuliko la mama yake Raj. Hapa ndipo dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio, aliyoitoa katika mhadhara wake wa mwaka 1967, inapofaa, ila kwa sharti kwamba isichukuliwe kuwa upeo ni mmoja kwa hadhira nzima. Ukumbi uleule, filamu ileile, jioni mbili tofauti, na kila jioni ilikuwa na mhusika mkuu wake.

Kuhusu nyimbo, ni muhimu kukumbuka kwamba Raj Kapoor hakuimba. Sauti inayosikika anapofungua kinywa mara nyingi ni ya Mukesh, aliyefariki Detroit tarehe 27 Agosti 1976. Maneno ni ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, muziki ni wa Shankar na Jaikishan, na kisa cha Awara kilitungwa na K. A. Abbas pamoja na V. P. Sathe. Mhakiki aliyezoea vitabu atauliza basi mtunzi ni nani. Mpenzi wa filamu hana shaka: ni Raj. Hukumu hiyo si ya kijinga. Ndiyo hukumu ya hadhira ya fasihi simulizi, ambayo humtambua fanani kuwa mwenye kazi kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele yao, hata kama maneno aliyarithi. Ndiyo pia hukumu iliyotawala taarab ya Mombasa, ambako Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata jina kubwa kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na hadhira yake ikaziita nyimbo hizo za Bhalo bila kuona haja ya kuuliza mahadhi yametoka Bombay kwa nani. (Wako wataalamu wa muziki waliolalamika juu ya kuiga. Malalamiko yao hayakupunguza harusi hata moja.)

Shree 420, ya mwaka 1955, huwekwa na wengi nafasi ya pili. Ni kisa cha kijana msomi anayefika Bombay kwa miguu akiwa maskini mwaminifu, kisha anageuka tapeli tajiri. Nambari iliyo katika jina ni ya kifungu cha sheria ya jinai ya India, iliyotumika hadi mwaka 2024, kilichohusu udanganyifu. Sheria hiyohiyo ya India ilitumika Kenya kabla ya kanuni mpya ya adhabu ya mwaka 1930, kwa hiyo mzaha ulio katika jina la filamu ulikuwa na mizizi hata katika mahakama za upande huu wa bahari.

Mabishano yanakuwa makali zaidi yanapofika kwa Mera Naam Joker. Raj Kapoor aliitengeneza kwa miaka mingi, akaitoa mwaka 1970 ikiwa na urefu wa zaidi ya saa nne na mapumziko mawili. Ni maisha ya mchekeshaji wa sarakasi anayewapenda wanawake watatu na kuachwa na wote. India iliikataa, hasara ilikuwa kubwa kiasi cha kuitia kampuni yake hatarini. Umoja wa Kisovieti, ambao wasanii wake wa sarakasi walishiriki, uliipokea vizuri. Kisha, mwaka baada ya mwaka, wapenzi wake wa India wenyewe walianza kuirudia, na leo wako wasiokubali kutaja nyingine mbele yake. Hakuna mhakiki mmoja anayeweza kudai kwamba aliiokoa filamu hiyo. Waliokuwa wameikataa ndio waliobadili rai, na hawakutoa maelezo.

Wasomi wa fasihi, kwa upande wao, wamekuwa na filamu yao: Teesri Kasam, yaani Kiapo cha Tatu, ya mwaka 1966, iliyotokana na hadithi fupi ya Phanishwarnath Renu na kuelekezwa na Basu Bhattacharya. Humo Raj Kapoor ni Hiraman, mwendesha gari la ng'ombe anayempeleka mchezaji wa maonyesho ya kijijini safari ya usiku na kumpenda bila kujua la kufanya. Ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora. Haikupata watazamaji. Shailendra, mshairi aliyeigharimia, alifariki mwaka huohuo tarehe 14 Desemba, siku ya kuzaliwa kwa Raj. Kwa ustadi wa uigizaji, pengine Hiraman ni bora kuliko mzururaji yeyote aliyevaa kofia ya Chaplin, na msomi anayesema hivyo anasema kweli. Lakini anaposema hivyo ili kuwaaibisha wapenzi wa Awara, anakosea njia, maana anapima jambo moja nao wanapima jingine. Yeye anauliza mwigizaji alifanya nini. Wao wanauliza walifanywa nini.

Dharau hiyo ina historia ndefu katika uhakiki wa Kiswahili. Sadfa za riwaya pendwa zimekemewa mara nyingi: ndugu waliopoteana wanakutana, hakimu anagundua kuwa mshtakiwa ni mwanawe. Nayo kauli ya mitaani ya kumwambia mtu aache sinema ya Kihindi imeingia darasani kama hoja. Waliokemea hawakujiuliza iwapo msomaji wa riwaya hizo alikuwa amefundishwa kusoma sadfa na Jaji Raghunath, kwa namna ambayo sadfa ni hukumu wala si uvivu wa mtunzi. Swali hilo lilikuwa rahisi kujibiwa wakati watazamaji wa kwanza walikuwa wengi na majumba ya sinema yalikuwa wazi. Ukumbi wa Shan wa Ngara, Nairobi, uliokuwa maarufu kwa filamu za Kihindi, sasa ni ukumbi wa wanasarakasi. Studio ya RK yenyewe iliungua Septemba 2017, mavazi na kumbukumbu nyingi zikateketea, na kiwanja chake kikauzwa mwaka 2019. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano Awara ilipotoka sasa anakaribia tisini.

Vizazi vilivyofuata vina ubishi wao. Rishi Kapoor, mwana wa Raj, alifariki tarehe 30 Aprili 2020, na filamu iliyorudiwa na wengi ilikuwa Bobby ya mwaka 1973, ambayo baba aliielekeza ili kufidia hasara ya Joker na ambayo yeye mwenyewe hakuigiza humo. Kwa waliozaliwa baada ya mwaka 1960, hiyo ndiyo filamu ya Raj Kapoor. Wazee wao wanaipinga hesabu hiyo kwa nguvu: wanasema huwezi kumchagulia mtu filamu ambayo uso wake haumo.